Kisiwa ya Kupumuzika

Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya mafunjo, panga mkononi, na chini ya tumbo langu watu walikuwa wanagonga.

Sijui kusema vizuri kuliko hivyo. Mukeka, ndivyo tunavyoita ile mizizi ya mafunjo inayofungamana na kuelea pembeni ya kisiwa, ulikuwa umepasuka, umemeza watu, kisha umejifunga tena. Juu yalibaki majani, viatu vya kanisa na sufuria ya bukari, ugali wetu, iliyokuwa bado ya moto. Walioanguka walikuwa chini yake, ndani ya mayi meusi, wakitafuta tundu walilopitia. Walipiga ngumi. Nilikata pale niliposikia ngumi, nikimaliza kukata, wamekwisha kusogea, nikakata pengine. Papa Gaspard, mkubwa wangu wa kazi, alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, naye anakata, anapiga kelele: «Usisimame, Alphonse! Lala! Ukisimama utabafunga!»

Wa kwanza nilimtoa kwa nywele, binti mwembamba, hai. Wa pili kwa kola ya shati, hai. Wa tatu nilishika mkono, nikaujua kabla ya kuona uso, kwa maana mkono huo ndio ulioniogesha tangu mama yetu alipokufa. Ni Yaya Béatrice, dada yangu mkubwa, sauti ya kwanza ya kwaya. Ule mkono ulinishika. Watu waliniambia baadaye nilijidanganya. Wao hawakulelewa nao. Halafu mizizi ilikatika chini ya kifua changu, nami nikaingia. Papa Gaspard alinitoa kwa mukaba wa suruali. Yaya Béatrice tulimtoa saa tisa ya mchana, pamoja na wengine.

Waliokufa walikuwa tisa. Ilikuwa Jumatatu ya Pentekoste, jua kali, na juu ya kisiwa kibao cha herufi nyekundu kilikuwa kimesimama vizuri kabisa. Kibao hicho nilikiandika mimi.

Sasa nirudi nyuma, maana ninyi vijana mnaoingia ku service ya mayi mnaijua siku ile moja tu, na mnaijua vibaya. Mimi naitwa Alphonse Kilufya. Nimetoka kazini mwezi uliopita kwa sababu magoti yamekataa bwato, mashua yetu. Shule niliacha mwaka wa tano wa primaire. Kazi yangu ilikuwa kupima visiwa: kujua kila kisiwa kinabeba watalii wangapi, na kikiumia kinapona baada ya muda gani. Kazi hiyo naijua. Likasi yote hakuna aliye hai anayeijua kuliko mimi, na sisemi hivyo ili mnisifu, nasema ili mnisikilize.

Siku ya kwanza walinituma Panda, mtaa wa kampani ya madini, ku hangar iliyo nyuma ya ateliers, zile karakana. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilivaa viatu vya binamu yangu na shati jeupe, nikidhani kazi ya kampani ni meza na kalamu. Papa Gaspard Kasongo, mkubwa wa wapimaji, hakutazama shati. Alitazama miguu.

«Weye njo mupya?» Njo ya kwetu ni ndiye.

«Njo minye, Papa.»

«Unajua kuogelea?»

«Kidogo.»

«Kidogo njo inauwaka bantu. Sema hapana, nitakufundisha.» Kisha akaonyesha viatu. «Hii utoe. Hapa tunatumikaka na kisigino.»

Nilidhani ananicheka. Camion ikatupeleka kwa njia ya Koni, penye mitambo ya umeme wa mayi, tukawaacha pale wale wa umeme na chakula chao kizuri, tukapanda mpaka ziwani. Mpaka jioni nilikuwa nimepiga kisigino mara mia, na nilikuwa nimeelewa kwamba mzee hachekeshi mtu wakati wa kazi. Alichekesha wakati wa kula, na hapo hata mfupa wa samaki ulikuwa hatari.

Ziwa lile si la Mungu, ni la barrage. Zamani palikuwa uwanda wa majani na visugulu, vile vichuguu vya muchwa vya kwetu Katanga vinavyofika urefu wa nyumba. Mto ulipofungwa, uwanda ulizama, na vichwa vya visugulu vikubwa vikabaki nje ya mayi. Ndivyo visiwa vyetu: saba, vidogo, kila kimoja na miti miwili mitatu na kivuli. Kinachovishika ni mukeka wa mafunjo unaovizunguka. Wimbi linapiga mukeka, halifiki ku udongo. Chini ya mukeka samaki wa makobo wanazalia, juu yake ndege wanajenga. Mukeka ukifa, kisugulu kinayeyuka sawa sukari mu chai, na mwaka unaofuata bwato linapita pale ulipokula chakula chako.

Kipimo chenyewe kilianzia baharini, msicheke. Kabla yangu alikuja mwanamke wa elimu ya viumbe, Mamuzelle Odile, aliyetumwa na kampani wakati kampani ilikuwa bado na pumzi na ilitaka fasi, mahali pa kupeleka wageni wake siku za mapumziko. Yeye alikuwa ametumia miaka kwenye visiwa vidogo vya korali, akipima namna watalii wanavyokanyaga ukingo wa kisiwa mpaka ukingo unakufa na kisiwa kinabaki uchi. Alimweleza Papa Gaspard kwamba vile visiwa vimejengwa na vidudu vidogo, kizazi juu ya kizazi. Papa Gaspard akamjibu: «Mamuzelle, na sisi tuko na badudu.» Akampeleka kwenye kisugulu, akavunja kipande, akamwonyesha vyumba vya muchwa. Wanasema yule mwanamke alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo visiwa vyetu tunaviita korali. Ukimsikia mtu wa service anasema anaenda ku korali, haendi mbali, anaenda kuloana. Mimi bahari sijaiona hata siku moja, lakini ugonjwa wa visiwa vyake naujua.

Mamuzelle alikuwa na vyombo vya kioo. Vilivunjika. Papa Gaspard akabaki na kisigino, na hiki ndicho alichonifundisha, kishikeni. Unasimama juu ya mukeka, hatua tatu kutoka udongo mgumu. Unapiga kisigino mara moja kwa uzito wote, unatoa mguu, unaanza kusema Salamu Maria, polepole, kama kwa mgonjwa. Mayi ikijaa mu tundu kabla hujamaliza Salamu Maria ya kwanza, mukeka umechoka. Ikijaa mu ya pili, unaweza kubeba watu kidogo. Ikikawia mpaka ya tatu, ni mzima. Unafanya hivyo fasi ishirini kuzunguka kisiwa, huchagui zile nzuri. Mwenzetu mmoja wa kanisa la uamsho alikataa Salamu Maria, akahesabu kwa Haleluya. Vipimo vyake vyote vilienda mrama. Haleluya ni fupi.

Baada ya kisigino, ndege. Punje za mahindi mfuko wa kulia. Kila kiota, punje moja inahamia mfuko wa kushoto. Mwaka wangu wa kwanza nilileta punje hamsini kutoka kisiwa cha sita, nimejaa furaha. Papa Gaspard akaniuliza: «Uliingiza mukono mu kila kiota?» Sikuingiza. Akanirudisha na mvua yote. Viota vyenye joto vilikuwa kumi na kimoja. Vingine vyote vilikuwa vya mwaka uliopita. «Ulihesabia manyumba ya bafu,» akaniambia, maana yake nyumba za wafu, na jina hilo lilinifuata ku hangar miaka miwili.

Na jambo la tatu, msilisahau: mayi inapanda na kushuka. Koni ikihitaji mayi mingi, ziwa linashuka, na mukeka uliozoea kuelea unabaki umening'inia ku mteremko, unapasuka ndani kwa ndani. Ziwa likirudi, juu unauona mzuri, wa kijani. Koni haina kosa, mayi ni ya umeme kwanza. Lakini baada ya kila kushuka, vipimo vyako vyote vya zamani ni karatasi ya kufungia karanga. Unaanza upya.

Yote yaliandikwa mu cahier, daftari letu, na mwisho wa kila kisiwa Papa Gaspard aliweka neno moja kati ya matatu. Wazi. Kidogo. Kupumuzika. Hili la tatu alilitunga mwenyewe. «Kisiwa inachokaka sawa muntu,» alisema. «Ikichoka, unaiacha, inapumuzika, inapona.» Kisiwa kikipewa neno hilo, tulipigilia kibao: KISIWA YA KUPUMUZIKA. Hakuna aliyekanyaga. Nilimwona directeur mmoja na wageni wake, nyama ya kuchoma imekwisha kuwekwa mu bwato, mabibi na kofia zao, na Papa Gaspard amesimama mbele na miguu yake mitupu: «Monsieur, ile inapumuzika.» Directeur akageuza bwato. Wakati ule hata mkubwa alisikiliza kisigino.

Halafu nchi ilivunjika. Ninyi mmeyasikia, sisi tuliyapitia. Magasin, maduka na maghala, zilivunjwa, kampani ikaanza kufa kiungo kwa kiungo, wenzetu wengi, walioitwa wageni, walisukumwa ku gare, kituo cha treni, na vitanda vyao vichwani, na waliobaki walilima kabisa mpaka kando ya reli. Service ya mayi ilikuwa na watu kumi na wanne; tukabaki watatu, Papa Gaspard, mimi, na Simon Lwamba, mwendesha bwato. Motere moja ilifanya kazi, ikipenda. Siku moja nilinunua karanga ku soko la Kikula, nikazifungua, karatasi ilikuwa ukurasa wa kitabu cha Mamuzelle Odile, na picha ya samaki wa korali. Nikala karanga, nikatunza samaki.

Tuliendelea kupima. Hakuna aliyetuagiza, hakuna aliyetukataza. Papa Gaspard alisema kisiwa hakisomi magazeti.

Katika hali hiyo tuliletewa chef mpya, Donatien Mulapu. Namwandika jina lote. Alikuwa na diploma, viatu safi, na wazo: kufungua visiwa kwa raia wote, si kwa wakubwa tu. Wazo halikuwa baya, nami siku ile nilipiga makofi. Watu wa Kikula walikuwa wamezika sana. Nao walikuwa na haki ya kukaa chini ya kivuli na kutazama ndege. Mulapu akaomba tathmini kamili, visiwa vyote saba, nani abebe wangapi. Tulifanya majuma mawili. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizofanya na mzee. Visiwa viwili wazi. Vinne kidogo. Kimoja kupumuzika, cha tatu, kile kilicho karibu na kituo cha bwato, chenye kivuli kikubwa. Ziwa lilikuwa limeshuka na kurudi mwaka ule. Juu mukeka ulikuwa wa kijani kama bustani ya askofu. Kisigino kiliingia, na mayi ikafika kabla ya «umejaa neema».

Tulipeleka cahier ofisini kwake. Alisoma amesimama. Kidole kikakwama ku cha tatu.

«Hii kupumuzika, maana yake nini?»

«Muntu asikanyange, Chef,» Papa Gaspard akasema. «Sezoni mbili. Juu iko muzuri, chini iko bure.»

«Lakini njo iko karibu. Esanse ya kufikisha bantu ku zingine itatoka wapi?» Esanse ni petroli ya motere.

«Chef, minye minapima kisiwa. Esanse sipimake.»

Mulapu akacheka. «Muzee, weye na Salamu Maria yako.» Kisha akachukua kalamu, na pembeni ya neno kupumuzika akaandika «Vu», yaani ameona, akaweka paraf, sahihi yake fupi, D na M zimekumbatiana. Nilikuwa upande wa kushoto wa meza. Niliona wino ukikauka.

Rapport yake aliiandika kwa Kifaransa, peke yake. Sisi hatukuiona.

Majuma mawili kabla ya Pentekoste aliniita mimi, bila mzee. Mezani palikuwa na kopo la rangi nyekundu. Mwaka ule kopo la rangi! Watu walikuwa wanapaka milango kwa mafuta ya gari ya zamani.

«Alphonse, kibao ya ku kisiwa ya tatu haisomeke tena. Weye uko na maandiko ya muzuri. Fanya maneno ya munene, bantu basome toka mu bwato.»

Moyo wangu ulifurahi. Nilifikiri: ameelewa, analinda kisiwa. Nikamwuliza: «Chef, niongeze pale chini "muntu asipande"?»

Alinitazama kidogo. «Hapana. Kibao iko kidogo. Maneno tatu inatosha.»

Kibao kilikuwa na mita moja na nusu kwa nusu mita. Maneno matatu yalipomalizika, nusu ya chini ilikuwa bado nyeupe. Niliiona ile nyeupe. Niliisafisha hata na kitambaa, isidondokewe na rangi. Niliporudi nilimweleza Papa Gaspard, naye akafurahi pia: «Mwisho ameelewa.» Tulikwenda pamoja kutazama herufi. Zilikuwa herufi nzuri.

Asubuhi ya Jumatatu ile, mzee nami tulikuwa ku kisiwa cha saba, tunahesabu viota. Yaya Béatrice alikuwa ameniuliza siku ya Jumamosi, akipiga pasi nguo ya kwaya: «Mudogo, tushukie ku kisiwa gani?» Nilimwambia cha tano, hakuna taabu, waende wachache wachache. Lakini bwato halikuwa la Yaya, lilikuwa la Lwamba, na Lwamba alipewa esanse ya kufika cha tatu na kurudi. Kiongozi wa kwaya alimwuliza watashuka wapi. Lwamba alijibu, walionusurika waliniambia neno kwa neno: «Kibao inasema. Kisiwa ya kupumuzika. Basi pumuzikeni.» Wakacheka, wakashuka. Yule binti niliyemtoa kwa nywele aliniambia pia kwamba Yaya Béatrice alisimama mbele ya kibao, akawaonyesha wenzake: «Hii maandiko ni ya mudogo yangu.»

Walikula, wakaimba. Toka cha saba tuliwasikia, na Papa Gaspard akainua kichwa, akasema wimbo unatoka fasi mbaya. Tulikuwa tumekwisha kuingia mu pirogue, mtumbwi wetu, walipoanza kucheza, mguu kwa mguu, kwaya nzima, juu ya mukeka, fasi laini iliyo sawa. Halafu wimbo ulikatika katikati ya neno. Mengine nimeyasema.

Walituita kwa uchunguzi, mbele ya watu watatu na meza. Mulapu alikaa pembeni, si mbele. Wakamsimamisha Papa Gaspard, wakamwambia asome kibao, kisha atafsiri kwa Kifaransa.

«L'île qui se repose,» mzee akasema. Kisiwa kinachopumzika.

Yule wa katikati akauliza: «Na mtu mwingine akisoma "l'île pour se reposer", kisiwa cha watu kupumzika, atakuwa amesoma vibaya?»

Nilimwomba moyoni aseme ndiyo. Papa Gaspard hakuwahi kuandika punje moja ambayo hakuihesabu.

«Hapana, Monsieur. Mu Swahili yetu, yote mbili.»

Wakaandika: yote mbili. Kalamu tatu ziliandika pamoja.

Nikasimama bila kuitwa. Nikasema iko cahier, iko «Vu», iko paraf, na nikasema neno lile la kibao kidogo. Wakamgeukia Mulapu. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, kwamba cahier iliibiwa watu walipovunja magasin. Magasin zilikuwa zimevunjwa kabla ya tathmini ile, miaka nyuma. Wezi wa Likasi beko na nguvu. Wanaiba hata cahier isiyoandikwa bado. Na neno la kibao? «Huyu kijana amepoteza dada,» akasema, «tumuache.» Hapo ndipo tuliona rapport yake. Kisiwa cha tatu: fasi ya starehe, makundi makubwa.

Karatasi ya mwisho ilisema ajali ilitokana na maandishi yenye maana mbili, kazi ya wafanyakazi wenye elimu ndogo. Papa Gaspard walimfukuza. Mimi waliniacha, maana walihitaji mtu wa kupiga kasia.

Mzee alikaa ku camp ya Panda misimu miwili ya mvua. Mara ya mwisho nilimkuta kitandani, anaandika hewani kwa kidole.

«Alphonse, ningeandika "inapumuzika". Kisiwa inapumuzika. Hakuna muntu angekosea.»

«Papa, haikuwa weye. Mulapu aliuliza maana, ulimwambia. Minye nilikuwa pale.»

«Ulikuwa pale,» akakubali, kama anayemfurahisha mtoto. «Lakini neno njo ilikuwa yangu.»

Alikufa akiamini hivyo. Watu tisa walizama mchana mmoja. Wa kumi alizama kwa neno «elimu ndogo», na alichukua muda mrefu zaidi.

Simon Lwamba naye amekufa. Lakini kabla, alikuja kwangu Kikula, akakaa mlangoni, akasema: «Nilijua, Alphonse. Nilijua, na nilifanya mzaha.» Nilimpa mayi ya kunywa. Sikumpa zaidi, hakuomba zaidi. Kwake sidai kitu.

Mimi nilirudi ku korali siku ya nane baada ya maziko ya wale tisa. Watu walisema nina moyo wa jiwe. Visiwa vilikuwa na wageni wanaokuja hata hivyo, na aliyebaki wa kuvipima ni mmoja. Nilibadilisha vibao vyote saba. Cha tatu kiliandikwa INAPUMUZIKA, na chini yake MUNTU ASIPANDE, na chini yake tena fuvu la kichwa, kwa wasiosoma. Nilikilaza miaka tisa. Wavuvi walinitukana, mchungaji mmoja aliyetaka kubatizia pale alinilaani kwa jina. Mwaka wa nne korongo walirudi. Mwaka wa tisa nilipiga kisigino, nikasema Salamu Maria tatu nzima, nikaanza ya nne, na tundu lilikuwa bado kavu. Kisiwa kinapona. Hilo nawaachia kama kitu nilichokiona kwa macho: ukikiacha kweli, kinapona. Na tangu siku ile mpaka nilipoweka kasia chini, hakuna mtu aliyezama ku kisiwa nilichokipima.

Sasa mmekuja ninyi, na ile mashine inayoruka na kupiga picha. Ni nzuri. Imeona kwa robo saa kile nilichokizunguka siku nzima. Lakini inaona juu, na juu ni kijani. Toeni viatu.

Na nimesikia tathmini yenu, ile ya watalii wa kutoka nje, itasainiwa na mshauri wa mradi. Mshauri ni Donatien Mulapu, siku hizi Muzee Mulapu, ndevu nyeupe, kiti cha mbele. Nilikuwa ku mkutano wenu, kiti cha nyuma. Nilimsikia akiwaambia: «Zamani tulipata ajali moja kwa sababu ya ujinga wa kusoma.» Nilisimama. Mkasema muda umekwisha, soda zimefika. Mlinipa Fanta.

Basi naandika. Vijana, msimpe karatasi yenu asaini kabla hajajibu. Siombi afungwe, ni mzee, na gereza la Likasi silitamani hata kwa adui. Siombi anilipe dada. Nadai ajibu maswali mawili. Mulapu, Papa Gaspard alipokuambia muntu asikanyange, ukacheka na kuandika «Vu», uliona nini? Na nilipokuuliza niongeze maneno ya kuwazuia watu, ukanitazama na kunikataza, ulikuwa umekwisha kuhesabu esanse?

Usijibu kwa rapport. Usijibu kwa Kifaransa. Watoto wa wale tisa wamekuwa watu wazima, wako Kikula na Panda, nimewataja kwako mmoja mmoja ku barua niliyokuletea nyumbani na mlinzi wako akaipokea. Waite wewe mwenyewe. Simama mbele yao, na mbele ya mjukuu wa Gaspard Kasongo, useme kwa mdomo wako, mu Swahili yetu, neno lenye maana moja.